Ulinzi wa mitandao ushuke hadi vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu huku pwani ya Lindi tunadhani ni la wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma peke yao. Nalo ni kazi ya watumishi wa Serikali waliopewa dhamana ya usalama wa mitandao.

Nitaanza na mtumishi mmoja, Ndugu Dk. Jabiri Kuwe Bakari. Wasomaji wengi walianza kumsikia mwaka 2021 alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Wachache wanajua kwamba aliwahi kufundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kwa hiyo ni mwalimu mwenzetu, ingawa sisi wa darasa la tatu hatuthubutu kujilinganisha naye. Shahada ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden, mwaka 2007, na utafiti wake ulihusu namna ya kusimamia usalama wa kompyuta na mawasiliano katika taasisi zisizo za biashara, mfano ukiwa ni nchi yetu. Hoja yake ilikuwa kwamba jambo hili lisiachiwe mafundi wa mitambo peke yao, bali linahusu pia viongozi, taratibu, sheria na watu wanaovitumia vyombo hivyo kila siku. Mwaka 2012 ilipoanzishwa Wakala ya Serikali Mtandao aliiongoza yeye, nayo ikageuzwa kuwa Mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019.

Ndugu Mhariri, kazi hiyo si ya kubezwa. Mimi leo naomba likizo kwa simu, wakati zamani barua yangu ilingojea gari la Kilwa Masoko. Fedha za shule zinaandikwa katika mfumo, na malipo ya Serikali yana namba yake ya kumbukumbu, hivyo mtu hawezi tena kukusanya fedha za umma na kuzitia mfukoni kwa risiti ya kubuni. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotukatia barabara ya kwenda Dar es Salaam, ilipofika tarehe 12 nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Hapo hata wazee wa kijiweni waliuliza habari za mtandao kama wanavyouliza habari za daraja la Somanga.

Lakini wezi nao wamejifunza. Mkulima akishauza ufuta wake mnadani, simu haziishi. Mara ujumbe unasema ile hela itume kwenye namba hii. Mara mtu anajifanya ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, anataka namba ya siri. Lililonichoma zaidi ni pale mzazi mmoja hapa kijijini alipopigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu, akaambiwa mtoto wake ameanguka shuleni na amekimbizwa hospitali, atume fedha za matibabu upesi. Alituma fedha yote aliyopata kwenye ufuta. Mtoto alikuwa darasani kwangu anafanya hesabu. Tangu siku hiyo nikimpigia mzazi simu ya kweli, ananijibu kwa mashaka, na mwingine hukata kabisa. Hasara hiyo ya uaminifu haiandikwi katika ripoti yoyote.

Kuna na hila nyingine, ya vidole. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, tuliambiwa matapeli wamekwisha. Badala yake wakala asiye mwaminifu humwambia bibi kizee abonyeze tena kidole, eti cha kwanza hakikusoma, kumbe anasajili laini ya pili kwa jina la bibi huyo huyo. Laini hiyo ikifanya wizi, anayetafutwa ni bibi. Ukipiga *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040. Nimewauliza wazazi katika mkutano wa shule ni nani anazijua namba hizi mbili. Mikono miwili tu ilinyooshwa, na mmoja ulikuwa wa mwalimu mkuu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Kwa ninavyoona mimi, huku kwetu inajulikana zaidi kwa kumtia hofu mtu anayeandika maneno katika kundi la WhatsApp kuliko kumtia hofu mwizi. Taarifa za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba za utapeli. Je, mkulima wa Kilwa aliyeibiwa laki mbili atamfuata mwizi hadi Sumbawanga kwa nauli gani?

Maoni yangu ni kwamba kama mtaalamu mkubwa aliandika tangu mwaka 2007 kuwa usalama huu ni wa watu na si wa mitambo tu, basi watu wenyewe wafikiwe. Kila halmashauri ina ofisa wa TEHAMA. Badala ya kukaa akitengeneza mashine za kuchapia, afike mnadani siku ya malipo, asimame na kipaza sauti, aonyeshe *106# kwa vitendo. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe jambo hili, maana mimi nilimaliza chuo bila kulisikia hata siku moja. Na polisi wa wilaya wapewe uwezo wa kuomba namba izuiwe siku hiyo hiyo, si baada ya jalada kwenda na kurudi.

Msimu ujao wa ufuta hauko mbali. TCRA na halmashauri zetu za Lindi watueleze kupitia gazeti hili ni minada ipi watafika, na lini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa, Lindi.