Sirene ndani ya muziki: filamu ya Noeli inayotuhusu sisi wa Mashariki

Katika filamu nyingi tunazoangalia hapa kwetu, mtu aliyeumizwa moyo na vita anaonyeshwa kwa namna mbili tu. Ama analia tangu mwanzo hadi mwisho, ama anatembea barabarani na nguo zilizopasuka huku watoto wakimfuata. Mtazamaji anamhurumia, halafu anasema: huyo si mimi.

Ndiyo sababu ninataka kusifu kipindi kimoja cha seri ya Kimarekani The West Wing, kilichoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2000. Kinaitwa « Noël ». Ni cha zamani, lakini sijaona kingine kilichoeleza jambo hili vizuri kuliko hicho.

Josh Lyman ni msaidizi wa karibu wa raisi wa Marekani. Miezi michache mbele ya hapo, watu walifyatulia risasi msafara wa raisi na yeye akapigwa. Alipasuliwa, akapona, akarudi kazini. Kila mtu anaona mambo yamekwisha. Halafu zinafika wiki za Noeli, na mwenzake mmoja analeta wanamuziki wapige ndani ya ukumbi wa ikulu. Josh anaanza kubadilika. Anagombana na watu, anataka ule muziki ukomeshwe, mwishowe anampandishia raisi sauti ndani ya ofisi yake. Mkono wake umefungwa bandeji. Anayeuliza anajibiwa: nilijikata na glasi.

Kipindi karibu chote ni mazungumzo ndani ya chumba, siku ya kuamkia Noeli, kati ya Josh na Stanley Keyworth, mtaalamu wa majeraha ya moyo. Ujanja wa Aaron Sorkin, aliyeandika maneno yake, uko hapa: Josh anaposimulia habari ya glasi, na sisi tunaiona ikipasuka. Tunaamini. Keyworth haamini. Anauliza tena, anangoja, anarudi nyuma, anauliza tena. Hana haraka, hamfokei, wala hamwambii pole nyingi. Kidogo kidogo tunafika kwenye ile jioni ambapo Yo-Yo Ma alipiga sello mbele ya wageni. Wengine wote walisikia Bach. Josh alisikia sirene za siku ile aliyopigwa risasi. Aliporudi nyumbani alivunja kioo cha dirisha kwa mkono wake.

Sirene ndani ya muziki! Mwandishi hakuhitaji daktari wa kutufundisha maana ya kiwewe kwa maneno marefu. Alitia sauti moja ndani ya sauti nyingine, basi tukaelewa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ile hasira. Josh haonekani kama mgonjwa. Anavaa vizuri, anaongea upesi, anafanya kazi hadi usiku. Anaonekana tu kama mtu mwenye tabia mbaya. Hapa kwetu, ni wangapi tunaowaita hivyo? Papa ambaye zamani alikuwa anacheza na watoto, na siku hizi sahani ikianguka tu anapiga mtu. Mwalimu anayefukuza darasa zima kwa sababu mlango umejigonga. Mama ambaye hataki tena kwenda kanisani na hasemi kwa nini, kumbe ni zile ngoma. Tunawaambia wajikaze. Wanaume ndio tunawaambia zaidi. Sisemi kila mtu mkali ana jeraha. Wengine ni wakali tu, na anayepiga watu lazima azuiwe. Lakini swali la Keyworth ni rahisi na hatuliulizi: mkono wako uliumia namna gani?

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wasiseme. Josh anaogopa kazi yake. Akijua jina la ugonjwa wake, jambo la kwanza analowaza ni kwamba ikulu haimwachi mtu wa namna hiyo kubaki. Mkubwa wake, Leo, ambaye mwenyewe aliponyoka katika ulevi, anamngoja nje hadi mazungumzo yaishe, na anamwambia kwamba yeye Leo akiwa na kazi, Josh pia ana kazi. Maneno mafupi, na naona yanaponya kama dawa. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, na Panzi kwa Daktari Mukwege wanawake wengi wamepata wa kuwasikiliza. Lakini ni wangapi wanaopita mbali na milango hiyo kwa kuogopa kuitwa vichaa, ama kwa kujua kwamba patron hatawapokea tena?

Kuna jambo moja ambalo kipindi hiki hakituwezi. Vita vya Josh vilidumu dakika chache, na vilikuwa vimekwisha. Sirene ilikuwa ndani ya kichwa chake peke yake. Sisi, mwisho wa Januari 2025 risasi ziliingia Goma, Februari ikawa Bukavu, na mtu anayeruka kitandani usiku hawezi kuambiwa kwamba ni kumbukumbu tu. Huenda si kumbukumbu. Tena sisi hatuna mtaalamu mmoja kwa mtu mmoja siku nzima, na siku moja yenyewe haitoshi; hapo Sorkin alifupisha ili saa yake itoshe.

Hiyo sehemu iliyobaki ni kazi ya waandishi wetu wenyewe. Tuna vikundi vya michezo ya kuigiza, tuna redio zinazofika hadi vijijini, na vijana wanaotengeneza filamu kwa telefone. Waache kidogo mchawi na mke wa pili. Watuandikie papa mmoja wa Birere ama wa Kadutu, anayefanya kazi vizuri, anayeheshimiwa, na ambaye kila motari akipiga breki kali anatafuta mahali pa kujificha. Na watuandikie pia yule jirani anayekaa kando yake na kumuuliza, bila haraka.