Mtungi Juu ya Meza na Sanaa ya Taifa

Wapo wenzetu, na miongoni mwao walimu, ambao wakisikia maneno "sanaa ya taifa" huona mbele yao farasi wa vita, bendera na sura ya mkuu wa nchi. Ukiwaonyesha picha ya mtungi na matunda juu ya meza, hucheka na kuuliza: hii yamfundisha nini kijana? Sisi twasema dhana hiyo ni potofu, na ushahidi wetu twauchukua Romania, nchi iliyoonja pande zote mbili za shauri hili.

Gheorghe Petrașcu alizaliwa Tecuci mwaka 1872, akasomea uchoraji Bucharest na Paris, akafariki mwaka 1949. Alichora bahari na majumba ya Venice pia, lakini tunayoitetea hapa ni kazi yake ya vitu vya nyumbani: mitungi, vitabu, matunda, maua ndani ya chombo. Rangi aliipaka tabaka juu ya tabaka, nzito kama lipu ya ukuta, hata chombo kikaonekana kimefinyangwa wala si kuchorwa. Mtazamaji hawezi kupita haraka. Hulazimika kusimama na kukitazama kitu ambacho kwake yeye hukishika kila asubuhi bila kukiona. Waromania hawakumdharau kwa hilo. Mwaka 1936 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Romania.

Na Ștefan Luchian je? Maradhi ya uti wa mgongo yalimpooza kidogo kidogo hadi alipofariki mwaka 1916, naye hakuacha kuchora maua katika vyungu. Anayeziita picha hizo mapambo ya wavivu, na aseme hivyo mbele ya kiti cha mgonjwa yule.

Twakubali kwamba meza yaweza kuchorwa kwa majivuno. Uholanzi ya karne ya 17 ilikuwa na picha nyingi za vikombe vya fedha na vyakula vya anasa, fahari ya matajiri. Lakini majivuno hayo yalitoka kwa mwenye meza. Mtungi hauna hatia.

Kiromania, kama Kifaransa, huziita picha hizi "maumbile yaliyokufa". Jina baya kabisa! Huko Horezu wanaume huchimba udongo na kuukanda, wanawake huupamba kabla haujachomwa, na mwaka 2012 UNESCO iliutambua ufinyanzi huo kuwa urithi wa binadamu. Katika bakuli moja mna mikono mingapi? Kifo kiko wapi hapo?

Sasa tutazame upande wa pili. Julai 1971 Nicolae Ceaușescu alitoa maagizo yaliyotaka sanaa itumikie itikadi ya chama. Zikafuata picha zake na za mkewe Elena, wamezungukwa na watoto, maua na umati unaoshangilia. Katika miaka ya 1980 mkate, mafuta na sukari viligawiwa kwa kipimo, lakini anayetaka kujua mezani kwa Mromania kulikuwa na nini miaka ile asiziulize picha hizo. Ndizo zilizoitwa sanaa ya taifa, nazo zilikuwa na kila kitu cha taifa isipokuwa nyumba za watu wake.

Desemba 1989 utawala ule ulianguka, na picha zile zikashushwa kutani. Michoro ya Petrașcu ingali inatunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa mjini Bucharest, ndani ya jumba lililokuwa la mfalme.