Mchambuzi wa Mikopo ya Simu, Nani Amekulipa?

Leo ugomvi wangu ni na hawa wanaojiita waandishi na wachambuzi huru wa benki za simu na mikopo ya mitandaoni.

Fungua kurasa zao. Programu mpya imekuja, pesa inaingia ndani ya dakika tano, dhamana haitakiwi, bonyeza hapa upakue. Wapo wanaolipwa na wenye programu hizohizo na hawasemi. Huyo si mchambuzi, ni mpiga debe wa stendi, na mpiga debe angalau hajifichi.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wachambuzi wakatusomea orodha, basi. Mwanamke ambaye tayari anadaiwa afanye nini? Akashitaki wapi? Namba alizohifadhi kwenye simu azilinde vipi? Kimya. Bibi harusi mmoja niliyemshonea sare hapa Makoko alichelewesha rejesho, ujumbe wa kumwita tapeli ukaingia kwenye simu yangu mimi fundi wake, na kwa mama mkwe pia. Ilibaki wiki moja aolewe.

Halafu kuna hili neno "ada". Tazama M-Shwari ya Kenya, iliyoanza 2012. Haikuitwa riba, iliitwa ada: asilimia 7.5 kwa mwezi. Kopa 10,000, rudisha 10,750. Uzungushe mkopo huo mwaka mzima, umelipa 9,000 juu ya 10,000 yako. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, lakini mchambuzi anaandika "gharama nafuu" na kuendelea na habari za muonekano wa programu. Suratul Baqara aya ya 275 imeharamisha riba. Kuibadilisha jina hakuiondoi.

Najua watasema hayo waulizwe masheikh. Sheikh atahukumu nini ikiwa masharti yamefichwa kwenye maandishi madogo ya Kiingereza? Sura hiyohiyo, aya ya 282, inaagiza deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae. Kazi hiyo leo ni yenu, mlioshika kalamu na kamera.

Kwa hiyo tuandikieni kwa Kiswahili, juu kabisa ya habari: anapokea ngapi, anarudisha ngapi, baada ya siku ngapi, akichelewa anafanywa nini. Na bidhaa ikibandikwa neno "halali", ulizeni faida inatoka kwenye mauzo gani na masheikh gani wameikagua. Mkilipwa, semeni mmelipwa.

Nawe bibi harusi, kabla hujabonyeza "kubali", muulize huyo unayemfuata swali la kichwa cha habari hii. Na kama sare zitapungua kutoka kumi hadi nne kwa sababu hukukopa, fundi wako sina kinyongo. Nitashona nne.