Lugha ya Nyumbani Haijaharibu Kiingereza cha Mtoto

Huku kwetu Kericho na Bomet wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akizoea Kikipsigis na Kiswahili, Kiingereza chake kitaharibika. Nakataa kabisa. Imani hiyo ndiyo inayowanyima watoto wetu Kiingereza chenyewe.

Juzi nilimkuta mpwa wangu wa sekondari jikoni, ameinamia daftari: pick up, pick out, pick on, ukurasa mzima, akariri kufikia Jumatatu. "Shangazi, haya hayana mpango," akalalamika. Nikamwambia anitajie vitu ambavyo watu hupiga. Simu, pasi, deki, picha, magoti, chenga, mbizi. Hakusita hata kidogo, na hakuna aliyewahi kumwandikia orodha ya "piga".

Najua mambo haya mawili hayalingani sawasawa. "Piga" hupata maana kutokana na jina linaloifuata. Kiingereza kinabandika vijineno kama up na out. Hapo Kikipsigis kiko karibu zaidi. Ib ni chukua, ibu ni lete: sauti moja tu mwishoni, na kitendo kimemgeukia msemaji. Mtoto wa Litein analijua hilo kabla hajashika kalamu. Taaita Toweett, mwana wa huku huku aliyewahi kuwa waziri wa elimu, alichapisha kitabu kizima cha isimu ya Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, mwaka 1979. Halafu sisi tunawaadhibu watoto kwa kuitamka lugha hiyo kwenye uwanja wa shule!

Asubuhi iliyofuata nikaenda na mpwa wangu kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Mama mmoja alimwaga kapu lake mezani, akawa anachambua, vidole vikitupa kando majani magumu na kubakiza majani mawili na kichipukizi. Nikamnong'oneza: pick out. Lori la kiwanda likaja kubeba magunia: pick up. Na karani akimrudishia mtu yule yule majani kila siku, ya jirani yakipita? "Anamwonea," akasema. Ndiyo hiyo pick on.

Kisha akaniuliza bei ya chai ikianguka halafu ipate nguvu tena inasemwaje. Pick up vilevile. Akanyamaza, akilitazama lori. "Kumbe ni kitu kilichokuwa chini kikainuka," akasema, "gunia au bei." Maelezo hayo hayakuwa daftarini. Aliyapata kwa kufikiri, na alifikiri kwa Kiswahili.

Tume ya elimu ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo. Wanaopinga zaidi ni sisi wazazi, tunaolipa karo ya ziada ili mtoto asisikie lugha ya nyanyake. Mkutano wa wazazi wa muhula huu nitasimama nidai adhabu hizo ziondolewe, na mpwa wangu ameomba aje na daftari lake.