Mwacheni Mtoto Acheze Michezo Mitatu

Kuna imani iliyokita mizizi katika michezo ya vijana Marekani, na wazazi wetu waliohamia huko wameipokea kwa mikono miwili: kwamba mtoto anayetaka kufika mbali lazima achague mchezo mmoja mapema, aushike mwaka mzima, na mingine yote aipe kisogo. Kwetu imani hiyo imepata na methali ya kuegemea. Mshika mbili, moja humponyoka. Baba akishalitamka hilo sebuleni, mjadala umefungwa, na kijana wa miaka 12 anarudishwa kwenye klabu ya soka inayolipiwa kila mwezi, Januari hadi Desemba.

Naikataa imani hiyo, na nataka kuikatalia mahali ambapo madhara yake yanaonekana kwa macho: kwenye chumba cha mieleka cha shule ya sekondari.

Kwanza tuiweke kando mieleka ya televisheni. Ya sekondari haina kamba, haina kiti cha chuma cha kumpigia mtu mgongoni. Ni mkeka mnene wa povu uliochorwa duara, vijana wawili wa uzito mmoja, mwamuzi na filimbi yake, vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Unamwangusha mwenzako, unamdhibiti, na ukiyabandika mabega yake chini pambano limekwisha hapo hapo.

Shule zinapokutana, kila moja hutoa kijana mmoja kwa kila daraja la uzito. Katika mpangilio mkubwa wa wavulana madaraja ni 14, kuanzia ratili 106, yaani karibu kilo 48, hadi ratili 285, karibu kilo 129. Shule isiyo na mtu wa daraja fulani haina la kufanya: mpinzani anavaa kinga yake ya masikio, anatembea hadi katikati ya mkeka, mwamuzi anamwinua mkono, naye anarudi kukaa akiwa na pointi 6 za mezani, sawa kabisa na za aliyembandika mtu mabega. Shule yenye madaraja manne matupu imeshagawa pointi 24 kabla kijana wake yeyote hajatoka jasho. Nimewaona vijana hodari wakishinda mapambano yao yote kwa haki, kisha timu yao ikashindwa na viti vilivyo wazi. Tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba shirikisho la taifa la michezo ya sekondari, NFHS, liliruhusu majimbo kuchagua kati ya madaraja 12, 13 au 14 kuanzia msimu wa 2023.

Sasa jiulize wako wapi hao wanaokosekana. Wako shuleni humo humo. Kijana wa ratili 106 yuko kwenye timu ya mbio za nyika, au ni yule aliyeambiwa ni mfupi mno kwa mpira wa kikapu na tangu siku hiyo hakuna kocha aliyemwita tena kwa jina. Wa ratili 285 yuko mstari wa mbele wa timu ya futiboli ya Kimarekani, na ikifika Novemba msimu wao ukiisha, anatumwa kunyanyua vyuma peke yake hadi Agosti. Kati yao wapo wacheza soka, waruka juu, waogeleaji, na binti aliyejifunza judo utotoni. Sheria za majimbo zinamkataza kocha kwenda kurubuni wanafunzi wa shule nyingine, na ni sawa zikataze. Lakini korido za shule yake mwenyewe ziko wazi. Kinachomzuia ni mzazi na kocha mwenzake, wote wawili wakiamini kwamba kijana ni mali ya mchezo mmoja.

Nianze na hao makocha, maana wao wana lawama zaidi. Kocha wa futiboli anayemnyima kijana ruhusa ya kupiga mieleka anajinyima mwenyewe. Angalia kinachofanyika kwenye mkeka saa tisa na nusu alasiri. Kijana anashusha nyonga, goti moja linagusa chini, kichwa kiko juu, bega linaingia chini ya mbavu za mwenzake, mikono inafunga nyuma ya mapaja, na miguu haiachi kusukuma mpaka mtu ameanguka. Anarudia hivyo tena na tena, kila alasiri, dhidi ya mtu asiyetaka kuanguka. Hiyo ndiyo namna ile ile ya kumkaba mtu ambayo kocha wa futiboli huililia Septemba nzima, na sehemu ngumu kuliko zote kuifundisha, yaani kutoinamisha kichwa, mieleka inaifundisha bure. Ray Lewis, mmoja wa walinzi wakali kuliko wote waliopata kucheza futiboli ya kulipwa, alikuwa bingwa wa mieleka wa jimbo la Florida akiwa sekondari. Na wasomaji wanaomfahamu Brock Lesnar wa kwenye televisheni wakumbuke kwamba mwaka 1999, katika fainali ya mieleka ya vyuo, alishindwa na Stephen Neal. Neal hakucheza futiboli chuoni hata mechi moja, ila aliicheza sekondari. Baada ya chuo alichukuliwa na New England Patriots, akawa mlinzi wa mstari wao wa mbele kwa miaka mingi.

Sasa methali. Mimi sigombani na methali za wazee. Nagombana na matumizi yake. Kijana wa michezo mitatu hashiki mitatu kwa wakati mmoja. Shule za Marekani zimeupanga mwaka kwa misimu: futiboli, mpira wa wavu na mbio za nyika ni Agosti hadi Novemba, mieleka na kikapu ni Novemba hadi Februari au mapema Machi, riadha na besiboli hufuata. Anashika mmoja, anauweka chini, anashika mwingine. Mkulima wa Iowa, jimbo linaloipenda mieleka kuliko majimbo mengi, hupanda mahindi mwaka huu na soya mwaka ujao kwenye shamba lile lile, na hakuna jirani anayemwambia amekosa msimamo.

Watetezi wa mchezo mmoja wana hoja yao kuu, ile ya saa 10,000: kwamba mtu hawi bingwa wa jambo bila kulifanyia mazoezi kwa saa hizo zote. Ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake kuhusu wapiga fidla mjini Berlin, kisha Malcolm Gladwell akaieneza katika kitabu chake cha mwaka 2008, ikawa amri. Lakini fidla haina mpinzani. Haikuvuti shingo, haibadilishi mguu wa mbele katikati ya wimbo. Mieleka ni mchezo wa kumsoma mtu mwingine kwa ngozi na mizani, na uwezo huo haujengwi kwa kurudia jambo moja tu. Aliyecheza soka anakuja na nyonga laini na miguu inayojua kukwepa. Wa mbio za nyika anakuja na mapafu ambayo katika dakika ya sita bado yanafanya kazi, wakati mwenzake anapumulia mdomo. Saa hizo zote zilihesabiwa kwingine, lakini zinalipwa kwenye mkeka.

Tena madaktari wa watoto wameshasema. Chama chao cha Marekani, katika ripoti ya mwaka 2016, kilishauri kijana asijifunge kwenye mchezo mmoja hadi afike umri wa miaka 15 au 16, na kila mwaka apumzike na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu. Sababu zao si za kinadharia. Kiungo kile kile kikitumiwa kwa namna ile ile mwaka mzima, wakati mfupa bado unakua, kinachoka kabla ya mwenyewe. Na moyo nao unachoka. Tunamwita mtoto wa miaka 14 mvivu kwa sababu amekataa kwenda mazoezini, kumbe amefanya kazi ile ile bila likizo tangu akiwa na miaka 7.

Wazazi wengi wanaomfunga mtoto kwenye mchezo mmoja wanafikiria ufadhili wa masomo. Nawaelewa. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma ikafikia Des Moines au Louisville haichezi na suala la ada ya chuo. Lakini NCAA yenyewe, inayosimamia michezo ya vyuo, inasema ni karibu asilimia 2 tu ya wanamichezo wa sekondari wanaopata ufadhili wa michezo. Kumfungia mtoto njia nyingine zote kwa ajili ya mlango mwembamba hivyo, tena ukiwa umechagua mlango huo kabla hajabalehe na hujui atakuwa na kilo ngapi, ni hesabu mbovu. Mvulana aliyekuwa mshambuliaji mwepesi akiwa na miaka 11 anaweza kuwa na kifua cha mpiga mieleka akifika 16. Mwili hausomi mipango ya mzazi.

Na kama unataka mfano wa mtu aliyejitoa kwa mchezo mmoja, Iowa watakutajia Dan Gable kabla hujamaliza swali. Mzaliwa wa Waterloo, hakushindwa hata mara moja sekondari, alishindwa mara moja tu chuoni, katika pambano lake la mwisho mwaka 1970, na mwaka 1972 akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Munich bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja dhidi yake. Baadaye, akiwa kocha, aliipa University of Iowa ubingwa wa taifa mara 15. Watu humtaja kama ushahidi wa upande wao. Wanasahau kwamba alipokuwa mtoto alikuwa muogeleaji, na alishinda ubingwa wa jimbo katika mashindano ya YMCA. Alijitoa kweli kwa mieleka, ila alipofika umri wa kujitoa.

Nikiri ukweli wa upande wa pili, maana upo. Mtoto aliyeanza mieleka akiwa na miaka 5 katika mji wa Iowa au Pennsylvania atambwaga mgeni wa miaka 15, na atambwaga sana, pengine misimu miwili mfululizo. Anayeingia awe tayari kwa hilo, na kocha asimdanganye. Lakini programu ya shule haijengwi na bingwa mmoja aliyezaliwa kwenye mkeka. Inahitaji watu 14, na watu wa kufanya nao mazoezi. Bingwa huyo mwenyewe anahitaji mwenzake wa uzito wake wa kushikana naye kila siku, la sivyo anakua peke yake na anadumaa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko kwa wasichana. Hawaii ilianza kuwatambua kwa mashindano yao wenyewe mwaka 1998. Iowa, pamoja na sifa zake zote, ilisubiri hadi Januari 2022. Msimu wa 2013-14 wasichana wa mieleka katika sekondari zote za Marekani walikuwa wapatao 10,000. Msimu wa 2023-24 walizidi 60,000. Mwaka 2025 NCAA ikaupa mchezo wao hadhi ya ubingwa wa taifa. Hawa walitoka wapi? Hapakuwa na jeshi la mabinti lililoanza mieleka chekechea likisubiri mlango ufunguliwe. Mahali pengi hapakuwa na timu kabisa. Walitoka kwenye mpira wa wavu, riadha, judo, mazoezi ya viungo, na wengine hawakuwa na mchezo wowote. Sehemu ya mieleka inayokua kwa kasi kuliko zote imejengwa na watu ambao, kwa imani ninayoipinga, walikuwa wamechelewa.

Kuna hofu moja ya mzazi ambayo naiheshimu: habari za vijana wanaojinyima chakula na maji ili washuke uzito. Haikuzushwa. Mwishoni mwa mwaka 1997 wapiga mieleka watatu wa vyuo walikufa wakijikausha. Kanuni zikabadilika. Leo kijana wa sekondari hupimwa kabla ya msimu akiwa na maji ya kutosha mwilini, mafuta yake hukadiriwa, na haruhusiwi kupangiwa uzito ambao ungemshusha chini ya asilimia 7 ya mafuta kwa mvulana au 12 kwa msichana, wala kupungua zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Mzazi ana haki ya kuiona karatasi hiyo. Aiombe. Na kocha anayemwambia mtoto wako avae nguo za plastiki akimbie, mwondolee mtoto siku hiyo hiyo. Uliza pia mkeka unasafishwa kwa dawa mara ngapi, kwa sababu maradhi ya ngozi huambukizana haraka humo.

Kwa makocha nina ombi moja tu, na si gumu: kabla msimu haujaanza, wa futiboli, wa soka na wa mieleka wakae meza moja na orodha ya wanafunzi, wakubaliane kwamba hakuna kijana atakayepoteza nafasi yake kwa kucheza mchezo wa mwenzake. Mkurugenzi wa michezo wa shule akisimamia hilo, madaraja matupu yatapungua ndani ya msimu mmoja.

Na wewe baba, na wewe mama, uliyeko Cedar Rapids au Des Moines, ukiambiwa na klabu kwamba mwanao atapoteza namba yake kwa kukosa mazoezi ya Desemba, iulize soka ya shule za Iowa inaanza lini. Inaanza Machi. Mieleka itakuwa imekwisha.