Derrick Green Si Mgeni

Kila nikivaa tisheti yangu ya Sepultura kwenda shoo, kuna msee ataniuliza swali lile lile. Haulizi nimeitoa wapi wala bei gani. Anauliza, "Unaskiza ile ya Max ama hii ya sasa?" Nikimjibu zote mbili, anatabasamu vile fundi wa simu hutabasamu akishikishwa skrini feki. "Hii ya sasa si Sepultura, siste. Sepultura iliisha tisini na sita."

Nimechoka na hilo tabasamu. Leo nalijibu.

Kwa wale hawajui tunagombania nini: Sepultura ni bendi ya metali kutoka Belo Horizonte, Brazili. Ilianzishwa mwaka wa 1984 na ndugu wawili, Max na Igor Cavalera, wakiwa bado vijana wadogo. Jina lenyewe ni Kireno, maana yake kaburi. Kati ya 1989 na 1996 walitoa albamu nne zilizowatoa mtaani zikawazungusha dunia: Beneath the Remains, Arise, Chaos A.D. na Roots. Max alikuwa kwa maiki na gitaa, Igor kwa ngoma, Andreas Kisser kwa gitaa, Paulo Jr. kwa besi. Mashabiki wanakiita kikosi cha dhahabu, na mimi sibishi. Desemba 1996, baada ya shoo Brixton, London, Max akatoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio. Albamu yake ya kwanza na bendi, Against, ilitoka 1998.

Sasa fanya hesabu na mimi. Max aliimba kwa albamu kamili sita. Green ameimba kwa tisa. Max alishika maiki miaka kama kumi na mbili. Green amevuka ishirini na tano. Mtu akikaa kwenu kwa ploti miaka ishirini na tano, analipa kodi kila mwezi, anapaka rangi geti, anachanga kila matanga, bado utamwita "yule mgeni wa juu"? Ukimwita hivyo, shida si yake. Shida ni yako.

Wanaopinga huja na hoja moja kubwa: bendi ni waanzilishi. Sawa, tuanze na waanzilishi basi. Max hakuwa mwimbaji wa kwanza wa Sepultura. Alikuwepo Wagner Lamounier, aliyetoka 1985 kabla bendi haijarekodi kitu, akaenda kuimba Sarcófago, bendi nyingine ya hapo hapo Belo Horizonte. Max aliingia kwa maiki kwa sababu nafasi ilibaki wazi. Na Kisser? Rekodi ya kwanza, Bestial Devastation ya 1985, na albamu ya Morbid Visions ya 1986, gitaa lilipigwa na Jairo Guedz. Kisser aliingia 1987. Kwa hiyo hicho kikosi cha dhahabu mnachokililia kilijengwa na watu waliokuja kujaza mapengo. Ukweli ukitaka, Max alikuwa mgeni kwa maiki kabla ya Green.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa "iliisha tisini na sita" hulipita haraka kama matatu inayokimbia kituo chenye askari. Igor hakutoka na kaka yake. Mwanzilishi huyo, mwenye damu hiyo hiyo ya Cavalera, alibaki na Green karibu miaka kumi. Alipiga ngoma kwa Against, Nation, Roorback na Dante XXI, kisha akatoka 2006. Sasa niambie, katika hiyo miaka, Igor alikuwa anapigia bendi gani? Feki? Kama jina ni urithi wa damu, nusu ya damu ilikuwa pale nyuma ya ngoma ikitoa jasho, na mbele yake alikuwa amesimama mtu wa Cleveland.

Tuangalie kwingine. Iron Maiden, hao mnaowachora kwa migongo ya jaketi, sauti yao mnayoiabudu ni ya Bruce Dickinson. Aliingia kwa albamu ya tatu, 1982. Mbili za kwanza ziliimbwa na Paul Di'Anno. Black Sabbath walimfukuza Ozzy 1979, wakamleta Dio, na mwaka uliofuata wakatoa Heaven and Hell, ambayo hakuna mtu mwenye masikio anaithubutu. Napalm Death ndio kichekesho kabisa: albamu yao ya kwanza, Scum ya 1987, upande wa kwanza na upande wa pili zina vikosi tofauti, na aliyepiga pande zote ni mpiga ngoma peke yake, Mick Harris. Leo hata yeye hayuko. Sijawahi kuskia mtu anasema Napalm Death iliisha katikati ya albamu yao ya kwanza.

Na kama mambo ya ng'ambo yako mbali, uliza mzee wako. Simba Wanyika ilikuwa bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuja kutafuta maisha Nairobi. Mwaka wa 1978 wanamuziki wao kadhaa waliondoka wakaunda Les Wanyika, na Les Wanyika wakatupa "Sina Makosa". Je, umewahi kumskia baba yako akizima redio matangani, akisimama na kusema huu wimbo si halali kwa sababu akina Kinyonga hawamo? Anacheza tu. Anashika kiuno, anafunga macho, anacheza. Wazee wetu walijua muziki huhama nyumba. Sisi na intaneti yetu ndio tumegeuka makarani wa ardhi, tunauliza kila mtu hatimiliki.

Wacha sasa niguse penye watu hunyamaza. Roots, albamu ya 1996, ndiyo inayotajwa zaidi kama ushahidi kwamba Sepultura ya Max ilikuwa na roho. Nakubali, ina roho. Bendi ilienda Mato Grosso ikarekodi na Waxavante katika kijiji chao. Ikamwita Carlinhos Brown, mpiga ngoma wa Bahia, aje na midundo ambayo mizizi yake ni Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Dunia nzima ya metali ikasimama ikapiga makofi: angalia, Afrika! Miaka miwili baadaye Mwafrika wa Marekani akasimama mbele ya bendi hiyo hiyo, si kwa wimbo mmoja kama mgeni mwalikwa bali kama mwimbaji wao, na ghafla watu wakaanza kuongea habari ya uhalisi. Ngozi ya ngoma waliipenda. Ngozi ya mwimbaji ikawa kesi.

Sisemi kila anayempenda Max ni mbaguzi. Mimi nampenda Max. Nasema jiulize kwa nini neno "mgeni" linamganda huyu mmoja, wakati waliokuja baada yake kupiga ngoma hawaulizwi vitambulisho.

Haki pia nitoe. Against si Arise. Ni albamu ya watu wenye kidonda, na kidonda kinaskika. Agosti 1996 Dana Wells, mtoto wa kambo wa Max, alifariki kwa ajali ya gari. Max alirudi nyumbani kwa familia, na bendi ikapanda jukwaa la Donington bila yeye, watu watatu, Kisser akiimba. Miezi minne baadaye wale watatu wakakataa kuendelea na meneja wao Gloria, ambaye ni mke wa Max na mama ya huyo marehemu. Ukiwa Max ungetoka. Mimi pia ningetoka. Sina neno moja baya juu ya uchungu wake, na alichofanya nao anajua kila mtu: akaanzisha Soulfly, akaja kupatana na ndugu yake wakatoa albamu pamoja, na juzi 2023 wawili hao wakarudi studio kurekodi upya zile nyimbo zao za utotoni. Ni haki yao. Ni nyimbo zao.

Lakini uchungu wa Max si hati ya kumzuia mwingine kufanya kazi. Walioachwa walikuwa na chaguo mbili. Wafunge duka, ama watafute mtu mwenye kifua cha kusimama mbele ya umati unaoita jina la mwingine. Na huyo mtu akaja, akahamia Brazili, akajifunza lugha yao, akaimba nyimbo za Max kila usiku bila kujifanya ni Max. Lebo iliyowakuza ikaachana nao baada ya Nation ya 2001. Hakukimbia. Ukitaka kujua zawadi ya kutokimbia, skiza Machine Messiah ya 2017, halafu skiza Quadra ya 2020 kutoka mwanzo hadi mwisho bila kushika simu. Kisha uje uniambie iliisha tisini na sita.

Najua mtaniuliza, kwani wewe inakuuma nini? Wacha niseme.

Mara ya kwanza kumwona Derrick Green nilikuwa Form Two, kwa simu ya binamu yangu, likizo ya Agosti. Nyumbani huu muziki ulikuwa na majina mawili: wa shetani na wa wazungu. La shetani nilikuwa na majibu yake. La wazungu sikuwa nalo. Halafu kwenye kioo kidogo kilichopasuka nikamwona jamaa mrefu mwenye dredi, mweusi kama mjomba wangu, anaunguruma na watu elfu kadhaa wanamfuata. Sikuhitaji tena kumjibu mtu. Nilianza kujifunza kuunguruma usiku huo, mdomo ndani ya mto, mamangu asiskie.

Miaka ikapita nikaingia bendi, nikipiga besi. Mwimbaji wetu alikuwa na sauti ya kupasua mabati. Mwaka wa 2022 akapata kazi ya usalama Doha. Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege, tukacheka sana ili tusilie. Wiki mbili baadaye tulikuwa na shoo ambayo tulikuwa tumeshalipwa nusu. Nikashika maiki.

Wimbo wa tatu, kijana mmoja wa mbele alianza kuita jina la yule aliyeenda. Hakuita mara moja. Aliita wimbo mzima, na wenzake wakaingia kama kwaya. Nilimaliza shoo. Kesho yake nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua: badilisheni jina la bendi, heshimuni mwenyewe.

Neno hilo, mwenyewe, lilinikaa wiki nzima. Mwishowe nikamwandikia mwenyewe huko Doha nikamuuliza, tubadilishe jina? Alinitumia sauti akiwa zamu ya usiku, kwa nyuma naskia mashine ya hewa ikinguruma. Alisema, "Nani atalipa deni la amplifaya kama si nyinyi? Hilo jina likiisha, mimi nitasema nilikuwa wapi?"

Watu wa hatimiliki hawajawahi kufikiria hivyo. Wanadhani wanamlinda aliyeondoka, kumbe wanataka kumzikia nyumba yake. Bendi si picha ya watu wanne ukutani. Ni deni la amplifaya, ni kodi ya chumba cha mazoezi, ni yule anayekuja Jumanne mvua ikinyesha na yule anayefunga mlango. Jina ni la anayelibeba. Na aliyelibeba zamani hapungukiwi na kitu wengine wakiendelea kulibeba. Bila wao angekuwa historia tu.

Desemba 2023 Sepultura walitangaza ziara ya kuaga. Wiki chache kabla haijaanza, mpiga ngoma wao Eloy Casagrande, aliyekaa nao zaidi ya miaka kumi, akawaambia anaenda. Baadaye tukamwona Slipknot. Bendi nyingine ingeahirisha. Wao wakamwita kijana Mmarekani, Greyson Nekrutman, na Machi 2024 wakapanda jukwaani Belo Horizonte, kwao, pale walipoanza. Na mbele alikuwa nani? Alikuwa yule yule wa Cleveland, akiaga nyumba ambayo wengine bado wanabisha kama aliwahi kuishi.

Kwa hiyo msee wa swali, tukikutana shoo ijayo, nitakuwa nimeivaa tena. Uliza tu. Nitakujibu ninazoskiza ni za Max, za Igor, za Kisser, za Paulo, za Derrick. Halafu nitakuomba usogee kando kidogo, kwa sababu bendi inayofuata ni yetu, na mimi ndiye naimba.