Sindano Ile Moja ya Nyumba Nzima

Wazazi wenzangu wa Kilifi na Kwale, mtoto anayekwenda kisimani kwa visigino hachezi. Mwite, mkalishe kigodani, umtazame kandokando ya kucha na katikati ya vidole. Ukiona kidoa cheusi katikati ya duara jeupe, huyo ni funza, na aghalabu hayuko peke yake.

Kinachofuata mnakijua. Sindano ya kushonea inachomolewa ukutani, mkubwa anamshika mtoto miguu, vidole vinachokonolewa kimoja baada ya kingine. Kisha sindano hiyohiyo inahamia kwa mdogo wake, na pengine kwa mtoto wa jirani. Jamani, tuiache. Sindano ya kupokezana inaweza kupitisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na kidonda chenye udongo ni mlango wa pepopunda.

Wapo wanaosema funza ni laana. Laana gani hiyo ya kupanda meli? Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Alishukia Angola mwaka 1872, na karne ile haijaisha alikuwa keshafika pwani yetu. Jike huingia mguuni akiwa mdogo kama chembe ya mchanga, akavimba kama njegere, akamwaga mayai palepale mtoto anapolala. Viluwiluwi hukulia katika vumbi kavu chini ya mkeka na bandani mwa mbuzi. Kumtoa kidoleni ukaiacha sakafu ni kukumba maji ya mtumbwi uliotoboka. Nami nikifagia kwangu peke yangu, mbwa wa jirani ataniletea wengine kabla ya magharibi.

Kwa hiyo naomba hivi: kabla kaskazi haijakausha ardhi, kila nyumba kumi zichague Jumamosi moja, zote kwa pamoja. Mikeka itoke juani, sakafu zinyunyiziwe maji na kufagiwa, nyufa zisilibwe upya. Afisa wa mifugo aitwe awaone mbuzi na mbwa. Aliyebakiwa na nusu mfuko wa saruji ajue pa kuupeleka: kwa bibi anayelea wajukuu, ambaye macho yake hayaoni tena funza wala mgongo haumruhusu kuinama.

Mhudumu wa afya ya jamii tumwombe dimetikoni, mafuta yanayomziba funza pumzi bila kuchokoa. Utafiti uliofanywa hapa Kenya, uliochapishwa mwaka 2014, uliona yakiua funza takriban maradufu ya yale maji ya zambarau ya pamanganeti. Zahanati isipokuwa nayo, twende tena wiki ijayo, na ijayo.

Viatu ni vizuri, ila vya msaada huishia kuwekwa vya kanisani. Huko Madagaska, dawa ya kupaka yenye mafuta ya nazi na shubiri ilikinga kuliko viatu, maana watoto hawakuvivaa kila mara. Sisemi nazi tupu itafanya kazi hiyo. Lakini miguu ikioshwa kwa sabuni kila jioni, ikakaushwa hadi katikati ya vidole na kupakwa mafuta, ngozi haipasuki, na funza huonekana mapema.

Kwetu tunaanza Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Beseni na sabuni ninazo. Anayekuja aje na ufagio na ndoo ya maji. Nyumba ya kwanza ni ya bibi.